Ratiba ya siku yako haihitaji kampuni, inahitaji faili moja

Leo nimekuja na ugomvi.

Kati ya Ruiru na Thika sikosi kukutana na kijana anayejifunza kuandika programu, na swali lake la kwanza huwa hili: "Kaka, wewe unatumia app gani kupanga siku yako?" Nikimjibu kwamba natumia faili moja la maandishi matupu liitwalo siku.txt, ananitazama kama nimemwambia kwamba mimi hutoka Ruiru kwenda Thika kwa punda.

Basi nasema wazi, na anayetaka kukasirika akasirike: kumpa mtu mwingine ratiba ya maisha yako akutunzie, kisha umlipe kila mwezi ili akuruhusu kuisoma, ni ujinga tuliofundishwa tukauita maendeleo.

Tuanze na makaburi. Wunderlist ilipendwa na watu wengi duniani. Microsoft iliinunua mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Sunrise, kalenda nzuri ajabu, ilinunuliwa na Microsoft hiyohiyo mwaka 2015 ikazimwa 2016. Inbox ya Google ilizikwa 2019. Evernote ingali hai, lakini Desemba 2023 wasiolipa waliwekewa kikomo cha kurasa 50 na daftari moja tu. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Mwenye nyumba ana haki ya kubadilisha kufuli. Mimi nauliza tu: kwa nini siku zako zimepanga kwenye nyumba ya mwingine?

Halafu kuna bei. Ada hizi mara nyingi hutozwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na miezi michache baadaye ikarudi karibu 130. Wewe unalipwa kwa shilingi na mteja wa Thika anayekuambia "ngoja mwisho wa mwezi". Kwa nini orodha yako ya kununua sukari na kulipa stima ifuate soko la fedha za kigeni?

Na mtandao je? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kutambaa. Tarehe 25 Juni mwaka huohuo, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, mtandao ulivurugika tena. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima. Siku kama hizo ndizo mtu anazohitaji kujua kesho ana ahadi gani na nani. Faili lililo ndani ya simu halijali waya wa baharini.

Tufike kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Mimi naishi kwa saa za Kiswahili. Mteja akiniambia "njoo saa mbili asubuhi", nasikia saa mbili. Programu za kupanga siku, kila niliyoijaribu, hunilazimisha kuandika 8:00. Kila ahadi lazima niitafsiri ikiingia, niitafsiri tena ikitoka. Faili langu halinifundishi kusoma saa. Naandika "saa 2 asubuhi" na linanyamaza. Siku nikitaka kuchanganya Kikuyu, Kiswahili na Sheng kwenye mstari mmoja, linanyamaza vilevile.

Sasa wenye shaka watazame. Hii ni siku moja, jinsi inavyokaa ndani ya faili:

2024-05-14 Jumanne
- saa 2 asubuhi: kumpigia mteja wa Makongeni, risiti
x saa 4 asubuhi: kurekebisha ukurasa wa malipo
> kulipa stima (imesogezwa Jumatano)
* mteja wa Juja amekubali: kazi tarehe 20, nusu ya pesa kwanza

Alama nne tu. Kistari ni kazi iliyobaki, x imekwisha, mshale imesogezwa, nyota ni jambo la kukumbuka. Tarehe inaanza na mwaka ili siku zijipange zenyewe ukizipanga kwa herufi. Nikitaka kuona kazi zote ambazo sijamaliza, naandika amri moja:

grep '^-' siku.txt

Kama hujui grep, tumia kitufe cha kutafuta cha programu yoyote ya maandishi. Mwenye Windows afungue Notepad, aandike .LOG peke yake kwenye mstari wa kwanza, ahifadhi faili. Kila atakapolifungua, tarehe na saa zitajiandika zenyewe mwishoni. Mbinu ya kale, na bure kabisa.

Uzito wake je? Ukiandika herufi 500 kila siku, mwaka mzima ni kama kilobaiti 180. Miaka kumi haifiki megabaiti mbili, yaani chini ya picha moja ya nyama choma uliyopiga Kamakis. Kijana mwenye simu iliyojaa, asiye na nafasi ya kupakua programu nyingine, nafasi hiyo anayo.

Wala sijavumbua kitu. Carsten Dominik alianzisha Org-mode mwaka 2003, na Gina Trapani akaleta todo.txt mwaka 2006. Msingi wenyewe ni wa zamani zaidi: herufi A ilipewa namba 65 katika ASCII mwaka 1963, mwaka uleule Kenya ilipopata uhuru. Leo bado ni 65, hata ndani ya UTF-8. Nionyeshe kampuni ya ratiba itakayokupa ahadi ya miaka sitini.

Najua mtakayosema. Faili halipigi kengele. Kweli, lakini simu yako ina kengele tangu ulipoinunua. Faili haligawiki kwa watu kumi ofisini. Kweli pia, kalenda ya ofisi na iwe ya ofisi. Simu ikiibwa kwenye matatu? Kila Jumapili nakili faili kwenye kompyuta na kwenye flashi, ni kazi ya dakika moja. Na zipo programu zinazohifadhi kila kitu kama maandishi matupu, Obsidian ni mojawapo. Sina ugomvi nazo, maana ukiifuta programu leo, mafaili yako yanabaki.

Kwa sisi tunaofanya kazi za kujitegemea, hili ni suala la mkate. Mteja mmoja aliwahi kukataa kunimalizia pesa akidai nilichelewa wiki mbili. Nilitafuta jina lake ndani ya faili nikapata tarehe: picha za bidhaa aliziahidi siku fulani, akazileta siku kumi na mbili baadaye. Nikamtajia, akaangalia ujumbe wake mwenyewe kwenye simu, akanyamaza, akalipa. Kazi hiyo ilikuwa imepita miezi mingi. Kama kumbukumbu zangu zingekuwa nyuma ya ada ambayo sijalipa, ningebishana kwa mdomo mtupu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Muuza mboga wa Ruiru analijua hilo: daftari lake la madeni liko chini ya meza, halimwombi nywila, halimwambii muda wa majaribio umekwisha. Sisi tunaojiita wataalamu wa kompyuta ndio tumelisahau.

Fungua faili tupu usiku huu. Andika tarehe ya kesho na mambo matatu. Kisha lala.