Mtani akifungwa na mgeni, wewe unashangilia nini?

Naomba tuzungumze jambo ambalo najua wengi wenu huanza kulijadili mlangoni mwa kanisa kabla hata ya kengele kupigwa, na wengine hulimalizia baada ya ibada mkiwa mnasubiri daladala. Nazungumzia Simba na Yanga.

Usikunje uso. Sijaja kukuambia kuwa mpira ni dhambi, wala kukuuliza jezi yako uliinunua shilingi ngapi ukilinganisha na sadaka yako ya leo. Hilo tutaliongea siku nyingine. Leo nataka tujiulize swali moja tu: mtani wako anapofungwa na timu kutoka nje ya nchi, wewe unashangilia nini?

Turudi kwanza nyumbani, Kariakoo. Jina lenyewe la mtaa huu limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Baadaye serikali ya kikoloni iligawa mji wa Dar es Salaam kwa rangi za watu. Wazungu walikuwa na upande wao, Wahindi upande wao, na Waafrika wakawekwa Kariakoo na maeneo ya jirani. Katika mitaa hiyo ya watu waliowekwa nyuma, mwaka 1935, vijana wa Kiafrika walianzisha klabu ya Young Africans, ambayo sote tunaiita Yanga.

Haukupita muda mrefu. Mwaka 1936, kama historia inavyosimuliwa na wengi, wenyewe kwa wenyewe hawakuelewana. Kundi moja likajitoa na kuanzisha timu yake iliyoitwa Queens. Timu hiyo ikabadili jina ikawa Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikapewa jina tunalolijua leo, Simba. Mmoja akakaa Jangwani, mwingine Msimbazi, umbali wa kutembea kwa miguu.

Umeona, mpendwa? Hawa si wageni kwa wageni. Ni watoto wa mtaa mmoja, waliocheza mpira mmoja, chini ya ukoloni mmoja. Wametoka tumbo moja.

Biblia inatupa habari ya watoto wa namna hiyo. Katika Mwanzo sura ya 25 tunamsoma Rebeka, ambaye mapacha wake walianza kushindana wakiwa bado tumboni. Walizaliwa Esau na Yakobo. Unaijua habari yao: chakula kikauzwa kwa haki ya mzaliwa wa kwanza, baraka ikachukuliwa kwa hila, ndugu mmoja akakimbia nyumbani akihofia kuuawa na mwenzake. Lakini fika sura ya 33. Esau anakuja na watu 400, Yakobo anatetemeka, na wote wanadhani ni vita. Esau anamkimbilia ndugu yake, anamkumbatia, wanalia pamoja. Na katika sura ya 35, baba yao Isaka anapofariki, wanaomzika ni Esau na Yakobo, wote wawili.

Kumbuka hilo la kuzika pamoja, kwa sababu ndilo linalotueleza maana ya neno tunalolitumia kila siku, utani.

Sisi Watanzania tumerithi kitu kizuri sana. Wachaga na Wapare ni watani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Babu zetu walikuwa na hekima. Waliposhindwa kuumaliza ushindani walioachiwa na vita, waliugeuza kuwa mzaha wenye masharti. Mtani ana ruhusa ya kukucheka, kukuita majina, hata kukuchukulia kuku wako bila kukuomba. Lakini siku ya msiba, mtani huyo huyo ndiye anayefika na kushughulika. Atatania hata kwenye matanga ili wafiwa wapate kutabasamu, kisha atashika jembe. Mtani asiyefika msibani amevunja utani.

Simba na Yanga wameishi ndani ya utani huo kwa karibu miaka 90. Yanga walimfunga mtani mabao 5-0 mwaka 1968. Simba wakajibu mwaka 1977 kwa mabao 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu peke yake. Mwaka 2012 Simba walishinda 5-0, na Novemba 2023 Yanga wakashinda 5-1. Nani hajawahi kuzima simu siku kama hizo? Nani hajaitwa chura au mkia na shemeji yake? Hayo ni ya utani, na mimi siyapigi vita. Nyumba ambayo baba ni Simba na mama ni Yanga, na Jumapili asubuhi wanakuja kanisani wakiwa wamekaa benchi moja, imewafundisha watoto kitu ambacho hata mahubiri hayafundishi kwa urahisi.

Shida inaanza pale mgeni anapoingia.

Mwaka 1993 Simba walifika fainali ya Kombe la CAF. Walitoka sare ya 0-0 na Stella huko Abidjan, wakarudi Dar es Salaam wakiwa na matumaini ya nchi nzima, wakafungwa 2-0 nyumbani. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho. Walifungwa 2-1 na USM Alger hapa Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, na kombe wakalikosa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Mwaka 2025 Simba nao walifika fainali hiyo hiyo. Walifungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, kisha wakatoka sare ya 1-1 Zanzibar. Fainali tatu za Afrika na hakuna kombe hata moja lililobaki nchini. Na kila mara, wakati wengine wakilia, wapo Watanzania waliokuwa wakipuliza vuvuzela. Wapo wanaonunua jezi za timu ya kigeni ambayo hawawezi kumtaja hata mchezaji wake mmoja. Wapo wanaokwenda uwanja wa ndege kuwapokea wageni kwa ngoma, ili tu mtani aumie.

Sasa fungua kitabu kifupi kuliko vyote katika Agano la Kale, kitabu cha nabii Obadia. Kina sura moja tu, yenye aya 21, na wahubiri wengi hatukigusi. Kinawahusu Edomu, yaani wazao wa Esau. Mababu walikuwa wamekumbatiana na kuzika pamoja, lakini wajukuu wakarithi ugomvi na kuusahau upatanisho. Yerusalemu ilipovamiwa na watu wa mataifa mengine, Edomu walisimama kando wakitazama. Soma aya ya 11 hadi ya 14 utaona hatua zao. Kwanza walitazama. Kisha wakafurahi. Kisha wakajivuna. Mwisho wakaingia wenyewe malangoni, wakachukua mali, wakawakamata waliokuwa wakikimbia na kuwakabidhi kwa adui.

Ona jinsi Mungu anavyolihesabu kosa hilo. Hasemi kwamba Edomu ndio waliouangusha mji. Anawahukumu kwanza kwa furaha yao. Mithali 24:17 inatuonya tusishangilie hata adui yetu anapoanguka. Kama ni hivyo kwa adui, itakuwaje kwa ndugu?

Ndugu mmoja atasema: “Mchungaji, huu ni mpira tu, usituletee Obadia.” Sawa, tuuangalie mpira wenyewe. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, hupanga nchi kwa pointi ambazo klabu zake zimekusanya katika misimu mitano. Nchi 12 za juu hupata nafasi nne katika mashindano ya Afrika. Nyingine hupata mbili. Msimu wa 2020/21 Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, kama walivyofika pia msimu wa 2018/19. Pointi hizo zilichangia sana kuipa Tanzania nafasi nne, na msimu wa 2021/22 Yanga, waliokuwa wamemaliza wa pili nyumbani, wakaingia Ligi ya Mabingwa. Mtani alimfungulia mlango.

Baadaye mambo yakageuka. Msimu wa 2023/24 Yanga walikuwa mabingwa, Azam wa pili, na Simba wa tatu. Nchi yenye nafasi mbili haimpeleki mshindi wa tatu popote. Lakini Tanzania ilikuwa na nafasi nne, na miongoni mwa pointi zilizozilinda ni zile za Yanga, zikiwamo za fainali ya 2023. Simba wakapita katika mlango huo na kufika fainali ya 2025. Kwa hiyo shabiki wa Simba aliyefurahi Yanga walipofungwa na USM Alger alikuwa akicheka mkono uliokuja kumfungulia yeye mlango. Na shabiki wa Yanga aliyeishangilia Berkane alisahau ni nani aliyemfungulia wa kwake mwaka 2021.

Mpendwa, sikulazimishi uvae jezi ya mtani wako. Siku ya mtani na mgeni, ukishindwa kushangilia, kaa nyumbani ule chakula na watoto. Hakuna nabii atakayekulaumu kwa kunyamaza kwa ajili hiyo. Ninachokuomba usiruhusu moyo wako ujizoeze kupata raha kutoka kwenye maumivu ya ndugu, kwa sababu moyo ukishazoea hauishii uwanjani.

Moyo huo unakuja nao kanisani. Kwaya ya pili inapokosea wimbo siku ya sikukuu, wa kwaya ya kwanza wanabinyana. Jumuiya jirani inaposhindwa kufikisha ahadi ya ujenzi, wengine wanapumua kwa faraja. Mtumishi wa dhehebu lingine anapoanguka katika kashfa, tunaituma video hiyo kwa makundi matano ya WhatsApp kabla ya sala ya jioni, tukiandika chini yake kwamba tumwombee. Tumemwombea kweli? Au tumesimama kando kama Edomu, tukitazama mji wa ndugu ukiteketea?

Paulo aliwakuta Wakorintho wamegawanyika, kila mmoja akijitaja kwa jina la kiongozi wake, huyu wa Paulo, yule wa Apolo. Hakukataa kwamba Apolo ni tofauti na yeye. Aliwauliza kama Kristo amegawanyika. Na Warumi 12:15 inatutaka tufurahi pamoja na wanaofurahi na tulie pamoja na wanaolia. Kulia na mwenzako si kazi ngumu sana, msiba unatusaidia. Kazi ngumu ni kufurahi na mtani aliyeshinda, na kutocheka mtani aliyeshindwa na mgeni.

Wiki hii nakuomba ufanye jambo moja dogo. Mtafute mtani wako mmoja, wa mpira, wa kwaya, au wa kanisa lingine, ambaye siku alipoanguka wewe ulifurahi. Huhitaji kumpigia magoti. Mpigie simu, mtanie kama kawaida, kisha muulize habari za nyumbani na usikilize jibu. Kama ana mgonjwa, nenda ukamwone. Kama ana msiba, beba jembe. Utani wetu ulijengwa kwa ajili hiyo, na Esau na Yakobo wote wawili walikuwepo siku ya kumzika baba yao.

Bwana akupe moyo wa kushindana bila kuchukia. Nawatakia Jumapili njema, Wanamsimbazi na Wanajangwani pia. Amina.