Sumaku Iliyotulia Haizalishi Umeme

Kila mwaka, wanafunzi wapya wanapoingia katika darasa langu la fizikia chuoni, huwauliza swali moja jepesi: sumaku ikiachwa imelala ndani ya koili ya waya, sindano ya galvanometa itaonyesha nini? Wengi wanaijua kanuni ya Faraday kwa ghibu, na hesabu zake wanazikokotoa bila kukosea. Hata hivyo, si wachache wanaojibu kwamba sindano itabaki imepinda maadamu sumaku imo. Siwacheki, kwani dhana hiyohiyo iliwapotosha mabingwa wa Ulaya kwa muda wa miaka kumi na moja.

Mwaka 1820 Hans Christian Oersted wa Denmark alionyesha kwamba waya unaopitisha umeme huigeuza sindano ya dira. Ikiwa umeme huzaa usumaku, je, sumaku nayo haiwezi kuzaa umeme? Wataalamu wakazizungushia waya sumaku zenye nguvu, wakangoja mkondo utiririke. Haukutiririka, kwa kuwa walitafuta mkondo wa kudumu kutoka katika sumaku isiyotikisika.

Kisa cha Jean-Daniel Colladon wa Geneva chastahili kusimuliwa katika kila darasa. Mwaka 1825, akihofia kwamba sumaku yake ingeivuta sindano moja kwa moja, aliiweka galvanometa katika chumba kingine na kuiunganisha kwa nyaya ndefu. Tahadhari hiyo ilikuwa ya kisayansi kabisa. Aliisogeza sumaku kwenye koili, kisha akatembea kwenda kutazama. Alipofika, sindano ilikwisha kutulia. Umeme ulipita yeye akiwa njiani! Laiti angalikuwa na msaidizi mmoja wa kuikodolea macho ile sindano, huenda leo tungekuwa tunafundisha kanuni ya Colladon.

Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu na ambaye hisabati hakuijua sana, aliiona sindano ikicheza tarehe 29 Agosti 1831, mjini London. Alikuwa amezungusha koili mbili katika pete moja ya chuma. Alipounga betri kwenye koili ya kwanza, sindano iliyounganishwa na ya pili ilishtuka, ikarudi; alipoikata, ikashtuka tena kwa upande wa pili. Katikati, kimya. Tarehe 17 Oktoba alipata mshtuko wa namna hiyo kwa kuichomeka sumaku katika koili na kuichomoa. Huko Marekani Joseph Henry naye aliligundua jambo hili peke yake, ila alichelewa kulitangaza.

Matumizi hayakungoja milinganyo ya Maxwell ya miaka ya 1860. Mwaka 1832 Hippolyte Pixii alitengeneza mjini Paris mashine ya kuzalisha umeme, yenye kuzungushwa kwa mkono. Desemba 1858 mnara wa taa wa South Foreland, Uingereza, uliwashwa kwa umeme wa mashine za Frederick Hale Holmes zilizoendeshwa kwa mvuke, na Faraday, aliyekuwa mshauri wa minara hiyo, alikwenda mwenyewe kuikagua.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi aliyeanza na kanuni kabla ya kuiona sindano ameibiwa. Huyu ndiye fundi wa kesho. Asipofahamu kwamba umeme huzaliwa na badiliko, ataiunga transfoma kwenye mkondo mnyoofu, asipate kitu upande wa pili, na pengine aiunguze.

Walimu wenzangu watasema kwamba muhtasari ni mrefu na maabara hazina galvanometa. La kwanza nalikubali. La pili silikubali. Dira ndogo iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba wenye vanishi, mizunguko mingi, ni galvanometa tosha. Waya huo hupatikana katika transfoma za redio mbovu. Koili nyingine, ya mizunguko mia kadhaa, iunganishwe na dira na kuwekwa mbali nayo kiasi cha mita mbili, ili sumaku isiivute dira. Mwanafunzi mmoja aichomeke sumaku ghafla, wa pili aitazame dira, kisha wabadilishane nafasi. Kabla ya hapo waulizwe wanatazamia nini, na majibu yao yaandikwe ubaoni. Asiyepata dira na atumie dainamo ya baiskeli: gurudumu likisimama taa huzimika, ingawa sumaku ingali palepale ndani. Kanuni ije kipindi kinachofuata.