Tumbili Si wa Sebuleni

Wanaotaka sheria ilegezwe ili mtu afuge tumbili nyumbani kama afugavyo paka wana hoja zao, na si zote za kupuuzwa. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania, Na. 5 ya 2009, mnyamapori ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Anayetaka kumfuga aombe kibali cha shamba, ranchi au bustani ya wanyama. Wao wanataka kibali hicho kishuke mpaka uani kwa kila mtu.

"Huyu ni yatima, tumemwokoa." Hii ndiyo hoja inayogusa watu, basi tuanze nayo. Tumbili huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, na wiki za mwanzo kitoto hushinda tumboni kwa mama, vidole vimeng'ang'ania manyoya. Kumbandua mama akiwa hai, thubutu! Kundi likivamia mahindi kijijini Idete, Kilombero, anayeamia kwenye dungu ana mbwa, manati, pengine na mtego. Mama akianguka, kitoto kinabaki kimemshika. Hapo yatima kweli yupo, na mkulima aliyelinda chakula cha wanawe simlaumu. Ila leo yatima huyo ni ajali ya shambani. Mwekee bei halali, mnunuzi aje kutoka mjini na fedha mkononi, na kesho vijana watamfuata msituni ambako hakuna hata hindi moja la kulinda. Aliyeokotwa apelekwe kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), basi.

"Akilelewa tangu mchanga anazoea." Anazoea mpaka akomae. Akiwa mdogo, amefungwa kamba kiunoni nje ya duka, anamenya ndizi na kuchokoa mifuko ya wateja, kila mtu anacheka. Kamba ile isipolegezwa anavyonenepa, inazama kwenye ngozi. Dume likifika miaka minne, mitano, lina chonge za kutisha na linataka kujua nani mkubwa katika nyumba ile. Huanza kwa watoto. Na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20.

Mtetezi hodari atanikumbusha panya buku wa shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Ni mnyama wa porini, na amefundishika vizuri tu: Magawa, aliyezaliwa hapo, alinusa mabomu ya ardhini Cambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza. Hoja nzuri, naikubali. Lakini panya wale huzaliwa na kukuzwa kituoni, wana wakufunzi na tabibu wao, na hawauzwi kwa mpita njia anayetaka cha kumchekesha mtoto.

"Mbona mbwa ndio wanaoleta kichaa, na tunawafuga?" Ni kweli, mbwa ndio wanaoongoza. Ila mbwa ana chanjo yake, na kampeni za kuchanja mbwa kwa wingi zimewahi kupita Kilombero na Ulanga. Tumbili hajapangiwa foleni hiyo.

"Wazungu wanafuga chochote." Waulizeni watu wa California. Fereti, mnyama wa jamii ya kicheche, amefugwa na binadamu zaidi ya miaka 2,000, lakini huko haruhusiwi. Raia wamempigia kampeni kwa miongo. Muswada ulipomfikia Gavana Schwarzenegger mwaka 2004 aliukataa, akitaka kwanza athari kwa mazingira zichunguzwe. Yeye huyo huyo aliyeigiza na fereti katika filamu ya Kindergarten Cop! Mimi wale ningewasikiliza, maana fereti ni mfugo. Tumbili hajawahi kuwa mfugo.

"Biashara ikiwa halali, ujangili utakufa." Biashara ya kusafirisha wanyama hai ilikuwa halali, yenye leseni, tumbili 61 walipokamatwa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) Machi 2016 wakipelekwa Albania. Wizara ya Maliasili na Utalii ikafunga usafirishaji huo kwa miaka mitatu. Juni 2022, zuio likiwa bado lipo, ilitangazwa kuwa mlango ungefunguliwa ili wafanyabiashara wamalize wanyama waliobaki nao. Watu wakapiga kelele, tangazo likasitishwa upesi. Leseni zilikuwapo, na bado ilibidi mzigo uzuiwe uwanjani, mlango mmoja wenye walinzi. Sasa tuambiwe ni ofisa gani, na kwa pikipiki ya nani, atakayepita nyumba kwa nyumba Idete, Namwawala na Mbingu wakati wa masika kukagua kibali cha kila tumbili.