Kompyuta ya mezani: msidanganywe na namba

Niko huku Uingereza kwenye baridi. Nimetoka zamu ya usiku nikakuta meseji ya mdogo wangu: "Dada, nitafutie kompyuta yenye GHz nyingi." Hapo ndipo tunapoliwa! Pentium 4 ya mwaka 2004 ilifika GHz 3.8, lakini leo inaachwa mbali na prosesa mpya yenye GHz 2.5 tu. Ni kama kuhesabu mapigo ya moyo ukasahau kupima presha.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua ya mtumba kwa pupa, nikaituma kwa baba. Kuwaka tu, chai inapoa! Tatizo lilikuwa diski ya zamani inayozunguka. Fundi alipoweka SSD na kuongeza RAM ikafika GB 8, mzee akafurahi. Nauli ya meli ilizidi bei ya vifaa hivyo.

Halafu huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mitumba mingi ya bei rahisi haikubali Windows 11. Ulizeni kwanza.

Kwa hiyo mdogo wangu, ile ya zamani ipeleke kwa fundi. Zamu zangu za ziada ni ada yako ya chuo.

Haya, ngoja nilale. Wasalimieni wote!