Kutyuni Injini: Usinunue Farasi, Nunua Vipimo

Leo naweka kando programu na hifadhidata, maana kuna swali ambalo naulizwa kila nikionekana ndani ya gari langu: "Wewe mtu wa kompyuta, mimi nina Subaru ya tabo na naiendesha kila siku kwenda kazini. Nimlipe fundi anityunie?"

Jibu fupi: kama unatafuta farasi zaidi, hapana. Jibu refu ndilo hili, na najua litawaudhi baadhi ya marafiki zangu.

Mimi naishi Taru. Kwa wasiopajua, ni kile kituo kwenye barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, kati ya Samburu na Mackinnon Road, katika ile nyika ya Kwale ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa kukosa maji. Mara nne kwa wiki nashuka Mombasa na kurudi. Gari langu ni Impreza WRX ya 2006 iliyotoka Japani, injini ya lita 2 yenye tabo, nguvu za farasi 250 tangu kiwandani. Farasi 250! Na bado mwaka mmoja nilijiona maskini.

Nikaenda kwa jamaa mmoja mjini. Akachomeka laptopu chini ya usukani, dakika ishirini hivi, akachomoa. "Mkubwa, sasa hii itaruka." Nikalipa shilingi 35,000 nikaondoka nikitabasamu. Na kweli iliruka. Iliruka wiki sita. Siku ya mwisho ilikuwa saa saba mchana, nimekaa nyuma ya foleni ya malori kabla ya kufika nyumbani. Nikapata nafasi, nikakanyaga. Nikasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, halafu kishindo, halafu kimya. Beringi za kongrodi zilikuwa zimekwisha.

Mzee mmoja fundi wa malori hapa Taru alikuja, akafungua boneti, akasikiliza habari yangu yote, kisha akaniuliza: "Mwanangu, gari lilikuwa linaumwa nini hata ukalitia dawa?" Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Haya, tuje kwenye hoja.

Hoja ya kwanza ni barabara. Sheria ya Kenya hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa, na ndani ya vituo vya biashara ni 50. Toa matuta, toa malori, toa mbuzi wanaovuka bila kuangalia. Hizo farasi 250 zenyewe unazitumia lini? Labda sekunde kumi kwa safari nzima, unapolipita lori. Kuongeza 40 juu yake ni kama kununua seva kubwa zaidi wakati prosesa ya ile uliyo nayo inalala siku nzima.

Hoja ya pili ni mafuta, na hapa ndipo wengi hawajui. Gari la tabo la Japani limepangwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake hukaribia 100. Super ya kawaida tunayojaza hapa kwetu haifiki huko. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia joto na mgandamizo bila kujiwasha yenyewe. Plagi ikitoa cheche, moto unatakiwa usambae kwa mpangilio ndani ya silinda. Petroli isipostahimili, ile sehemu ambayo moto haujaifikia inalipuka yenyewe. Hiyo ndiyo injini "kugonga", na kila pigo linapiga pistoni, kongrodi na beringi.

Sasa, kompyuta ya gari ina sensa inayosikiliza mapigo hayo. Ikisikia, inachelewesha cheche. Kwa hiyo wengine husema, "Usijali, gari linajirekebisha." Enyi wenzangu waandika programu, hebu fikirini: programu inayokamata hitilafu kila dakika na kuendelea kukimbia, mtaiita salama? Sensa inasikia baada ya pigo kutokea. Ni kinga ya dharura, si mahali pa kuishi.

Ongeza joto la Taru. Kwenye WRX, kipoza hewa cha tabo kimekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Ukitambaa nyuma ya lori mchana, kinaloweka joto. Halafu unakanyaga ghafla, hewa ya moto inaingia, presha inapanda, hatari ya kugonga inaongezeka. Hali hiyo hasa ndiyo iliyoliua gari langu.

Hoja ya tatu ni faili. Kinachouzwa kama "stage one" mara nyingi ni faili moja, limetoka mtandaoni, linamwagwa ndani ya kila gari la aina hiyo. Linaongeza presha ya tabo na kuwahisha cheche, basi. Yule jamaa hakuniuliza najaza petroli gani. Hakutoka barabarani na mimi. Hakurekodi hata mstari mmoja wa data. Katika kazi yetu, mtu akipeleka kodi kwa wateja bila kuijaribu anafukuzwa. Kwa magari anaitwa mtaalamu.

Mtaniambia: "Lakini tyuni nzuri inapunguza unywaji wa mafuta." Kidogo sana. Ukienda mwendo wa kawaida, kompyuta ya kiwandani tayari inapima oksijeni kwenye ekzosi na kushikilia hewa sehemu 14.7 kwa petroli sehemu 1. Hapo hakuna hazina iliyofichwa. Mguu wako ndio unaokunywa.

Mtaniambia tena: "Na magari ya Safari Rally je?" Sawa, Subaru ilishinda Safari 1997 na Colin McRae, na 2000 na Richard Burns. Lakini gari la rali lina timu nzima nyuma yake, na injini yake hufunguliwa na kukaguliwa. Yako inafunguliwa ikishakufa. Mimi nampenda zaidi Patrick Njiru wetu, ambaye 1993 aliimaliza Safari kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini isiyofika sisi 700. McRae mwenyewe alikuwa na Vivio mwaka huo na hakumaliza. Kumaliza ndiyo sifa ya gari la kila siku.

Je, nasema mtaalamu hafai kabisa? La. Nilipojenga injini upya nilimlipa mwingine, tena zaidi ya yule wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kinyume: kushusha. Alipanga cheche na presha kwa petroli ninayojaza mimi, katika joto ninaloendesha mimi, na tulikaa barabarani tukirekodi. Sikupata farasi hata mmoja. Nilipata injini isiyogonga. Hiyo ndiyo tyuni inayostahili pesa.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtu funguo, fanya haya kwa mpangilio:

1. Oili, plagi, rejeta, breki na tairi kwanza. Vikiwa vibovu, acha mazungumzo ya tyuni.
2. Rekodi mwenyewe. RomRaider ni programu huria, ya bure, na inasoma kompyuta nyingi za Subaru. Kuna namba iitwayo IAM. Katika matoleo mengi, 1 maana yake kompyuta inaiamini petroli yako. Ikishuka, gari linakuambia kitu.
3. Muulize fundi: utarekodi nini, wapi, na utanipa nakala ya faili la zamani? Akicheka, ondoka.

Pesa ile ya kwanza ilinunua wiki sita za kuruka na miezi minne ya matatu. Mzee wa malori bado hunipungia mkono nikipita. Siku hizi hunipungia nikiwa naendesha, si nikiwa nimesukumwa.

Tuonane tena.