Kinyongo Si Hasira: Ubainifu wa Hisia Kazini

Aghalabu mfanyakazi akiulizwa kinachomsibu hujibu kwa neno moja: mfadhaiko. Neno hilo limegeuka kapu la kutilia kila kitu. Mwaka wa 1995, wanasaikolojia Peter Salovey, John Mayer na wenzao wa Marekani walichapisha kipimo kilichotenga mambo matatu: kuzizingatia hisia, kuzibainisha na kuziganga. Nionavyo, la pili ndilo mlango wa la tatu. Mwalimu aliyekaripiwa na mkuu wake mbele ya wanafunzi, akidhani ana hasira tu, atajitenga hadi apoe. Kumbe kilichompata ni fedheha, nayo haiishi kwa kujitenga. Hutaka heshima irudishwe, tena hadharani. (Mkuu asipokubali, hilo ni jambo jingine.) Naye aliyerukwa katika kupandishwa cheo huenda ana kinyongo, ambacho likizo ya siku mbili haikiondoi.

Kiswahili kinayo majina haya yote. Lakini kamusi zetu aghalabu huyaeleza kwa visawe: ghadhabu ni hasira, fedheha ni aibu, basi. Watunzi wa kamusi wangeongeza japo sentensi moja ya kuyapambanua, mshauri nasaha angepata pa kuanzia.