Mabega na Macho: Ujira wa Akina Mama

Ndugu wafanyakazi wa Moshi na wa mashamba ya kahawa mlimani, wapo waajiri wanaodhani hata leo kwamba mwanamume na mwanamke hustahili ujira mmoja pale tu wanapofanya kazi ile ile. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, yamtaka mwajiri ahakikishe malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2002, wasema hivyo hivyo.

Neno zito hapo ni thamani. Mbeba magunia kiwandani hutumia mabega. Panapochambuliwa kahawa kwa mkono, mchambuzi hutumia macho kutwa nzima, na punje mbovu zikimpita, bei mnadani huanguka. Ni nani aliyepima akaona mabega ni ghali kuliko macho? Sisi hatukubali kwamba kazi huwa nyepesi kwa kuwa hufanywa na akina mama.

Na mwajiri asiyetaka mchambuzi wake hodari ahamie kwa jirani, amlipe ujira wa kumkalisha, asimfungie njia kwa masharti ya mkataba.

Mfanyakazi akionyesha dalili za ubaguzi, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba haukuwapo. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Viongozi wa matawi wasingoje kuitwa. Wafuatane na akina mama hao mpaka mezani.